KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA: JUU YA NINI MASHINI ZA ZAMANI ZINAKAWIA?



Katika namba hii tunaleta somo juu ya jambo moja lenye linasumbua kila mtu anayeingia katika chumba cha kompyuta: kukawia kwa mashini. Tuko nazo nane, na zote zilifika hapa zikiwa zimekwisha kutumiwa fasi ingine. Kila juma tunasikia maneno yaleyale: "Ile imekufa." "Imezeeka, itupwe." Mwanafunzi anabonyeza mara moja, anangoja, anabonyeza tena mara kumi, kiisha anazima kwa nguvu, na kazi ya saa nzima inapotea.

Sasa maneno hayo yamekuwa maneno ya feza. Kamati ya wazazi imeuliza: je, michango ya mwaka huu inunue mashini mpya mbili, ao itengeneze hizi nane? Wanangoja jibu kutoka kwetu, kwa kuwa sisi ndio tunazitumia. Kujibu "tunafikiri tu" haitoshi. Mwenye kutoa mchango yule ameuza mihogo ao samaki ili atoe. Sherti tujue namna mashini inavyofanya kazi, kiisha tuseme. Basi tujifunze pamoja, na mwisho kuko maswali.

1. SEHEMU TATU ZA KUJUA

Ndani ya kila kompyuta, ao odinatere kama wengi wetu tunavyoita, kuko sehemu tatu zenye zinahusu somo letu.

Ya kwanza ni prosesa. Hiyo ndiyo inayofanya hesabu na kufuata amri.

Ya pili ni kumbukumbu, yaani RAM. Hapo ndipo mashini inaweka vitu inavyovitumia saa hiihii: programu iliyofunguliwa, barua unayoandika, picha unayotazama. Iko juu ya vipande vyembamba vyenye mafundi wa mjini wanaviita bareti.

Ya tatu ni diski. Humo vitu vyote vinalala, hata vile ambavyo hakuna mtu amevigusa tangu mwaka jana.

Tufikiri mwanafunzi anayesoma darasani. Prosesa ni mwanafunzi mwenyewe. Kumbukumbu ni meza yake. Diski ni maktaba iliyo ng'ambo ya uwanja. Kitabu kikiwa juu ya meza, anakinyoshea mkono tu. Kikiwa maktaba, sherti asimame, aende, atafute, arudi. Akili yake ni ileile, lakini kama meza ni ndogo, atashinda siku njiani.

Watu wengi wanachanganya kumbukumbu na diski. Wanasema: "Mashini yangu iko na gigabaiti 160, namna gani inakawia?" Hizo 160 ni za diski, ni ukubwa wa maktaba. Meza yake pengine ni gigabaiti 1 tu.

Tena tujue vipimo. Kilobaiti moja ni baiti 1,024. Megabaiti ni kilobaiti 1,024, na gigabaiti ni megabaiti 1,024. Mashini zilizowekwa Kifaransa zinaandika Mo na Go. Zile za Kiingereza zinaandika MB na GB. Ni kipimo kilekile, msisumbuke.

2. HESABU YA MWENDO

Diski ya namna ya zamani iko na sahani zinazozunguka na mkono unaotafuta fasi ya kusoma. Kazi hiyo ya kutafuta inakamata karibu milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwetu ni kidogo sana. Lakini kumbukumbu inatoa kitu katika karibu nanosekunde 100, yaani sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Mkigawanya mtaona kwamba diski inakawia kama mara 100,000 kupita kumbukumbu.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Tuseme kunyosha mkono juu ya meza kunamkamata sekunde 1. Basi kwenda maktaba kutamkamata sekunde 100,000, ni kusema saa 27 na dakika 46. Akiondoka Jumatatu saa mbili ya asubuhi, atarudi na kitabu Jumanne karibu na saa sita ya mchana! Na hicho ni kitabu kimoja tu.

Siku hizi kuko diski zisizozunguka, zinaitwa SSD. Hizo zinaweza kutoa kitu katika karibu mikrosekunde 100. Kwa mfano wetu ni dakika 16 na sekunde 40. Ni afazali sana, lakini haiwi sawa na meza.

3. MASHINI HAIKUZEEKA, MZIGO UMEONGEZEKA

Wengi wanafikiri kwamba kompyuta inachoka kama mzee anavyochoka. Sivyo. Kama hakuna kitu kilichoharibika ndani, na kama haina vumbi na joto, prosesa ya mwaka 2008 inafanya leo hesabu zilezile kwa mwendo uleule wa mwaka 2008. Kitu chenye kimebadilika ni mzigo tunaoupakia.

Tazameni historia. Kompyuta ya IBM PC ilipotoka mwaka 1981, ile ndogo zaidi iliuzwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu. Windows XP ya mwaka 2001 iliomba megabaiti 64 kwa uchache, na 128 ili ifanye kazi vizuri. Windows 7 ya mwaka 2009 iliomba gigabaiti 1. Windows 10 ya mwaka 2015 iliomba gigabaiti 1 ao 2 kufuatana na namna yake. Windows 11 ya mwaka 2021 inaomba 4. Kutoka kilobaiti 16 mpaka gigabaiti 4 ni kuzidisha mara 262,144, katika miaka 40 tu.

Tena hizo ni hesabu za uchache, za mashini kuamka tu. Ni kama kuhesabu uzito wa lori pasipo mzigo. Programu za kuandika, za kuzuia virusi, na zaidi kurasa za intaneti, hizo zote zinakuja juu. Kwa hiyo mashini iliyotosha kabisa siku iliponunuliwa inaonekana leo kama goigoi. Mtu ameiwekea programu za leo juu ya meza ya zamani.

4. MEZA IKIJAA

Sasa kunatokea nini kumbukumbu ikijaa? Mashini haisimami mara moja. Iko na akili ya kuazima fasi kwa diski. Inachukua vitu visivyotumiwa sana, inavihamisha kwenye diski, na kumbukumbu inapata nafasi. Ukivihitaji tena, inavirudisha na kuhamisha vingine. Akili hiyo si ya jana: kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ilikuwa nayo tangu mwaka 1962.

Ni akili nzuri, lakini iko na mpaka. Kama vitu vinavyotakiwa saa moja vinapita sana ukubwa wa kumbukumbu, mashini inaanza kuhamisha na kurudisha, kuhamisha na kurudisha, pasipo kumaliza kazi yenyewe. Prosesa inakaa bure ikingoja diski. Taa ya diski inawaka bila kuzimika, na mashini za zamani zinatoa sauti ya kukwaruza. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning aliandika juu ya ugonjwa huo, sababu yake na namna ya kuuzuia.

Hapo ndipo mwanafunzi anabonyeza mara kumi. Kila kubonyeza ni amri mpya, na kila amri inaongeza safari ya maktaba. Hasira haisaidii, inaongeza ugonjwa.

Tufanye mfano wa hesabu. Mashini iko na megabaiti 1,024. Tuseme:

– Windows yenyewe: 500
– programu ya kuzuia virusi: 150
– programu ya kuandika: 100
– intaneti, kurasa nne: 600

Jumla ni 1,350. Inapita kwa 326. Mashini itateseka. Tufunge kurasa tatu za intaneti, tuseme zinaachilia 400: jumla inakuwa 950, na mashini inapumua. Hatukununua kitu.

5. KUONGEZA KUNASAIDIA MPAKA WAPI?

Hapa tuwe na uangalifu, maana ndipo feza zinaweza kupotea.

Katika mfano wetu, tukiweka megabaiti 2,048 pahali pa 1,024, ile kazi ya 1,350 inaingia yote na inabaki 698. Tofauti itakuwa kubwa sana. Mtu atasema mashini ni mpya.

Kiisha tukiweka 4,096 kwa kazi ileile? Itabaki 2,746. Je, mashini itakimbia mara mbili tena? Hapana. Mashini inaweza kutumia nafasi iliyobaki ili kushika faili ulizozifungua karibuni, na hiyo inasaidia kidogo. Lakini mwanafunzi aliye na vitabu vyake vyote juu ya meza hatasoma upesi zaidi kwa sababu umemletea meza kubwa kama ya mkutano. Kumbukumbu haiongezi nguvu ya prosesa. Inaondoa kungoja tu. Kama hakuna kungoja, hakuna cha kuondoa.

Basi kanuni ndiyo hii: chini ya kadiri inayotakiwa, kila kipande cha kumbukumbu ni dawa, juu ya kadiri hiyo, ni pambo.

6. NAMNA YA KUPIMA

Mganga hatoi dawa mbele ya kupima. Kwenye Windows 7 ao 10, fungueni programu zenye mnatumia kila siku, kiisha bonyezeni pamoja Ctrl, Maj na Échap (klavie zingine zinaandika Shift na Esc). Dirisha la kuonyesha kazi za mashini litafunguka. Tafuteni ukurasa unaoonyesha prosesa na kumbukumbu.

– Kumbukumbu iko karibu kujaa, prosesa inapumzika, na taa ya diski haizimiki: ugonjwa ni kumbukumbu.
– Prosesa iko kwa 100 kwa mia muda mrefu, na kumbukumbu iko na nafasi: bareti haitasaidia. Tafuteni programu inayokula prosesa. Pengine ni virusi.
– Kumbukumbu iko na nafasi, lakini diski haipumziki na faili zingine zinakataa kufunguka: pengine diski inaharibika. Nakilini kazi zenu upesi fasi ingine.
– Mashini inaanza vizuri, kiisha inalegea ikipata joto: fungueni, toeni vumbi kwenye kipepeo. Prosesa ikipata joto sana inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Kwa hiyo kuko magonjwa manne yenye dalili moja ya kukawia. Mtu anayenunua bareti kwa kila mashini pasipo kupima ni kama anayetoa dawa ya malaria kwa kila mwenye kuumwa kichwa.

7. MBELE YA KUNUNUA BARETI

Bareti haziingii kila fasi. Chunguzeni mambo haya:

(a) Aina. Kuko DDR, kiisha DDR2 iliyoanza mwaka 2003, DDR3 ya mwaka 2007, DDR4 ya mwaka 2014. Moja haiingii pahali pa ingine. DDR2 na DDR3 za kompyuta ya meza zote ziko na miguu 240, lakini ule mkato wa chini hauko fasi moja. Ikikataa kuingia, msisukume kwa nguvu, maana mtavunja mashini.

(b) Umbo. Bareti ya kompyuta ya kubeba ni fupi kupita ile ya kompyuta ya meza.

(c) Mpaka wa mashini. Kila mashini iko na kiasi chenye haiwezi kupita. Tena Windows ya biti 32, ile ya kawaida ya nyumbani na ofisini, haitumii zaidi ya gigabaiti 4, na mara nyingi inatumia karibu 3 tu ao zaidi kidogo. Sababu ni hesabu: 2 kuzidishwa yenyewe mara 32 inatoa 4,294,967,296, na hizo ni anwani zote zenye inaweza kuhesabu.

Namna rahisi ni kuchomoa bareti ya zamani na kwenda nayo sokoni, ili muuzaji asiwape ingine. Pengine mashini mbili zilizokufa zinaweza kutoa bareti za kuponya ya tatu. Chunguzeni hiyo mbele ya kutoa feza.

8. NAMNA YA KUWEKA

Kazi hii ifanyike mbele ya mwalimu. Zima mashini, chomoa waya wa kuran, na kama ni ya kubeba toa na betri. Bonyeza kifungo cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku, maana umeme mdogo wa mwilini mwako, wenye hata hausikii, unaweza kuua bareti. Shika bareti kwa ukingo, usiguse miguu yake ya rangi ya zahabu. Linganisha mkato, sukuma sawasawa mpaka vishikizo vijifunge. Washa, utazame kama hesabu imeongezeka. Mashini ikilia na kukataa kuamka, zima, chomoa, weka tena vizuri.

9. DAWA ZISIZO NA BEI

– Fungeni kila ukurasa na programu isiyotumiwa. Mtu mmoja, kazi moja.
– Zuieni programu zinazojiamsha zenyewe mashini inapowashwa.
– Msiweke programu mbili za kuzuia virusi, maana zinapigana na kula kumbukumbu mara mbili.
– Kwa mashini dhaifu sana kuko mifumo myepesi ya Linux, yenye inaomba kumbukumbu kidogo.

Tuongeze neno moja. Kampuni iliacha kutengeneza ulinzi wa Windows XP mwaka 2014, wa Windows 7 mwaka 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Bareti inarudisha mwendo, hairudishi ulinzi. Mashini yenye mfumo wa namna ile ni nzuri kwa kuandika na kuhesabu, lakini isipelekwe intaneti ovyo, na flashi zote zipimwe.

10. KURAN IKIKATIKA

Kumbukumbu iko na uzaifu mmoja: haishiki kitu pasipo umeme. Aina yake tunayoitumia ilibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hati yake mwaka 1968. Kila biti inashikwa na chaji ndogo sana ya umeme, nayo inavuja kama maji katika kikapo. Mashini sherti ijaze chaji zote upya, kwa kawaida katika kila milisekunde 64. Kuran ikikatika, hakuna wa kujaza tena, na yote yanapotea. Sisi tunajua namna kuran yetu ilivyo. Basi kila mwisho wa fungu bonyezeni Ctrl na S, ili kazi itoke kwenye kumbukumbu na kulala kwenye diski. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ninyi mlio na kazi ndefu za kuandika, mshike neno hili zaidi.

MANENO YA MWISHO

Hatusemi kwamba mashini mpya ni mbaya, wala kwamba hizi nane zote zitapona. Tunasema tu kwamba hakuna mtu anayejua mpaka zipimwe. Pengine tatu zinaomba bareti, mbili zinaomba kutolewa vumbi, moja ni virusi. Pengine sivyo. Tukipeleka kwa wazazi karatasi yenye hesabu ya kila mashini, watatoa feza wakijua wanatibu nini. Kwa hiyo tumepanga na mwalimu wa kompyuta: Jumamosi mbili zinazokuja, kila darasa la juu litume watu wawili, na kila mashini itaandikiwa karatasi yake. Atakayeiona mashini imekawia, aondoe mkono kwenye klavie, ahesabu mpaka sitini, atazame taa ya diski, kiisha aandike alichokiona.

MASWALI

1. Mashini iko na gigabaiti 160 na gigabaiti 1. Ipi ni ya diski, ipi ni ya kumbukumbu? Namna gani umejua?

2. Mashini ya gigabaiti 2 inatumia megabaiti 900. Prosesa iko kwa 100 kwa mia. Je, tununue bareti? Eleza.

3. Windows inakula megabaiti 700, kuzuia virusi 200, kuandika 150, na kila ukurasa wa intaneti 120. Kwa kumbukumbu ya megabaiti 2,048, ni kurasa ngapi zinaweza kufunguliwa mbele ya kupita mpaka?

4. Juu ya nini kubonyeza mara nyingi kunaongeza kukawia?

5. Mwenzako anasema: "Tuweke gigabaiti 8 katika kila mashini, tumalize." Mjibu kwa hesabu, pasipo hasira.

Majibu ya swali la 3 na la 5 yaletwe kwa karatasi katika chumba cha kompyuta mbele ya Jumamosi ya kwanza. Watakaojibu vizuri ndio watakaoshika kalamu siku ya kupima.